Geuzeni Kiti cha Bawabu

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi yangu katika hospitali moja ya umma ambayo jina lake nalihifadhi. Langoni alisimama bawabu mwenye sare ya kampuni ya ulinzi, kirungu kiunoni, na mkononi kile kifimbo cheusi cha kunusia vyuma. Akanipitishia kifuani, kiunoni, miguuni. Mfukoni nilikuwa na funguo, simu na sarafu za kutosha kununua mkate. Kifimbo kikanyamaza kimya. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, hiki kitu kinafanya kazi kweli?" Akacheka. "Betri zilikwisha kabla ya Krismasi, mzee. Pita tu."

Tukapita tu. Jioni tukitoka, yule aliyecheka asubuhi hakuwa na mzaha tena. Risiti ya maabara iko wapi? Ya dawa je? Ya kitanda? Mbona muhuri huu hausomeki? Shangazi, aliyechomolewa dripu muda si mrefu, akasimamishwa juani huku binamu yangu akitimua mbio kurudi dirisha la malipo kugongewa muhuri upya. Ni wakati ule wa kusubiri ndipo nilipokiona kiti. Kiti cha plastiki, cha buluu, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Kimewekwa langoni kikiipa barabara mgongo na kuzitazama wadi. Anayekikalia hutazama ndani kutwa kucha. Barabara, na lolote linaloweza kuja nayo, liko kisogoni mwake.

Kiti kile kimeninyima usingizi. Kinasema waziwazi jambo ambalo wakubwa wa afya hawatalitamka hata kwa kiapo: hospitali zetu zina ulinzi, tena ulinzi mkali, lakini anayelindwa ni mhasibu na anayeviziwa ni mgonjwa. Adui anayesubiriwa langoni ni mama aliyejifungua juzi na hana pesa. Mwenye bunduki hasubiriwi na mtu.

Msidhani natia chumvi. Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba wanawake wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani kwa ajili ya deni walikuwa wamevunjiwa haki zao za kikatiba. Muongo mzima umepita, na bado tunasikia maiti zilizoshikwa mochari kama rehani, na wazazi wanaolala sakafuni wiki kadhaa baada ya daktari kuwaruhusu kwenda kwao. Kumzuilia mtu hospitalini kunahitaji ukuta, lango, kufuli na bawabu. Vyote hivyo tumevinunua. Tumevielekeza ndani.

Sasa hebu tugeuke, tutazame nje.

Novemba 2025 wapiganaji wa ADF, kundi lililozaliwa Uganda miaka ya tisini na ambalo siku hizi hujinadi kuwa tawi la kundi la Dola la Kiislamu (IS), waliingia usiku katika kijiji cha Byambwe, eneo la Lubero, Kivu Kaskazini. Walikwenda kwenye kituo cha afya cha Kanisa Katoliki. Watu wasiopungua 17 waliuawa, wakiwemo wanawake waliokuwa wamelazwa katika wadi ya wazazi. Kisha moto ukawashwa. Akina mama wale hawakuwa na jeshi wala siasa wala mgodi wa dhahabu. Walikuwa na vichanga. Na watu wa pande hizo huuza sokoni, huomba Mungu na huliliana kwa lugha hii hii unayoisoma.

Najua utakachonijibu. Congo ni vita, utasema. Sisi tuna amani. Haya, tubaki hapa nyumbani. Februari 2025, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, hospitali kubwa ya rufaa kuliko zote nchini, mgonjwa aliuawa kitandani mwake kwa kuchinjwa koo. Nchi ikashtuka, wakubwa wakaahidi, kamera zikatajwa. Julai mwaka huo huo, katika hospitali ile ile, mgonjwa wa pili akauawa vivyo hivyo, kitandani vivyo hivyo. Hilo halikuwa tendo la magaidi. Hakukuwa na bomu, hakukuwa na bunduki, hakukuwa na kundi lenye bendera. Na ndiyo maana linatisha zaidi. Ikiwa kisu kimeweza kufika kitandani mara mbili ndani ya miezi sita katika hospitali kuu ya taifa, niambie ni nini kitakachozuia kundi lililopania.

Au tumesahau Mandera? Tarehe 12 Aprili 2019 madaktari wawili kutoka Cuba walitekwa wakielekea kazini asubuhi. Walikuwa na askari polisi wa kuwalinda. Askari mmoja aliuawa papo hapo, na madaktari wakavushwa mpaka kupelekwa Somalia. Walikuwa wamekuja chini ya mkataba wa serikali kwa serikali kutibu watu ambao madaktari wetu wengi wamekataa kwenda kuwatibu. Mgonjwa wa Mandera aliyekuwa akingoja kwenye benchi siku ile hakupigwa risasi. Aliibiwa daktari tu. Hiyo nayo ni namna ya kuua, ila haihesabiwi kwenye orodha ya maiti.

Kwa nini hospitali? Kwa sababu hospitali ikijifunga inaacha kuwa hospitali. Benki hufunga saa kumi jioni, shule hufungwa Desemba, hata msikiti na kanisa vina saa zake. Hospitali haina saa. Mlango wake lazima uwe wazi kwa mgeni asiyejulikana, anayevuja damu, asiye na kitambulisho, saa nane za usiku. Na walio ndani hawawezi kukimbia: huyu mguu umetundikwa, yule yuko kwenye oksijeni, mwingine tumbo liko wazi mezani na daktari ameshika mshipa. Koti jeupe linafungua kila mlango, nalo linashonwa na fundi yeyote mtaani. Walioivamia hospitali ya kijeshi ya Sardar Daud Khan mjini Kabul tarehe 8 Machi 2017 walivaa mavazi ya madaktari.

Kisha kuna ukatili wa kupangwa kwa hesabu. Quetta, Pakistan, 8 Agosti 2016: asubuhi rais wa chama cha mawakili wa jimbo la Balochistan, Bilal Anwar Kasi, alipigwa risasi. Mwili ukapelekwa hospitali ya serikali, na mawakili wenzake wakafurika pale kumlilia. Aliyejifunga mabomu alijilipua katikati yao. Zaidi ya watu 70 walikufa, wengi wao mawakili. Jimbo zima lilipoteza wanasheria wake kwa asubuhi moja. Wauaji walijua kwamba maiti huita watu, na hospitali ndipo watu huitikia.

Wakenya tuliokuwa na umri wa kuelewa mambo mwaka 1998 tunaielewa picha hiyo bila kuelezwa. Tarehe 7 Agosti, bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 Nairobi na kujeruhi maelfu, wengi kwa vioo vilivyochana nyuso na macho. Jiji zima lilikimbilia hospitali: kwa matatu, kwa pikapu, kwa magari ya watu wasiojuana, wengine migongoni mwa wapita njia. Hakuna aliyeulizwa kitu langoni, na ilikuwa sawa kabisa asiulizwe. Lakini nauliza leo, zaidi ya robo karne baadaye: kama siku ile mwovu wa pili angekuwa ndani ya mojawapo ya magari yale, nani angemwona? Na kama akitokea kesho, nani atamwona? Bawabu wa risiti?

Hapa ndipo wakubwa wetu hukohoa, hurekebisha tai na kutoa jibu moja walilo nalo: zabuni. Lango la umeme, kamera mia mbili, mashine ya kumulika mizigo, mkanda unakatwa, picha zinapigwa. Miezi sita baadaye mashine imefunikwa kwa shuka la wadi, kamera nusu hazioni, na betri za kifimbo zilikwisha kabla ya Krismasi. Mkandarasi alilipwa. Usalama wetu umekuwa kama dawa ya mganga wa uongo: bei ghali, maneno mengi, na mgonjwa yuko pale pale.

Na wale wasio na zabuni wana jibu la pili: bunduki. Jazeni askari mawadini! Basi na waende Butembo wakajifunze. Ebola ilipolipuka Kivu Kaskazini Agosti 2018, matibabu yaliingia vijijini yakisindikizwa na wenye silaha, katika eneo ambalo raia walikuwa wamechinjwa kwa miaka mingi pasipo msafara wowote kuja kuwaokoa. Desemba ya mwaka huo, tume ya uchaguzi ya Congo ikawanyima watu wa Beni na Butembo kura ya rais, ikitaja Ebola na usalama. Soko liko wazi, kanisa liko wazi, sanduku la kura tu ndilo linaloambukiza! Nani angeamini tena neno la mwenye sindano? Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa ndani ya wiki moja. Tarehe 19 Aprili, wiki moja tu baada ya Mandera, wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu ya Butembo na kumuua Dakta Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Cameroon aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani. Mlipuko ule ulikuja kuua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020. Sehemu ya hesabu hiyo iliandikwa na virusi. Sehemu nyingine iliandikwa na serikali iliyochanganya sindano na bunduki hadi mwananchi akashindwa kuzitofautisha.

Kwa hiyo simtaki askari wa bunduki kando ya kitanda. Namtaka barabarani, mbali na kitanda, akitazama nje. Na ninataka kitu kingine ambacho hakina kamisheni kubwa, na huenda ndiyo maana hakinunuliwi: mlango.

Ndiyo, mlango. Tarehe 12 Mei 2020 wenye bunduki waliingia hospitali ya Dasht-e-Barchi, Kabul, wakapita wadi nyingine na kwenda moja kwa moja kwenye wadi ya wazazi iliyoendeshwa na Madaktari Wasio na Mipaka. Walikaa humo saa nne wakiua. Akina mama 26 walikuwa wamelazwa. Kumi kati yao walifanikiwa kufika katika vyumba vya usalama vilivyokuwa vimeandaliwa, pamoja na wafanyakazi wengi, wakajifungia. Hao waliokoka. Mmoja wao alijifungua mle mle ndani, risasi zikilia upande wa pili wa ukuta. Waliobaki nje hawakuwa na pa kujificha. Tofauti kati ya kufa na kuzaa siku ile ilikuwa chumba chenye ukuta mnene na mlango unaofungika kwa ndani.

Mjini Mumbai, Novemba 2008, muuguzi Anjali Kulthe aliwaona washambuliaji wakiruka ukuta wa hospitali ya wanawake ya Cama. Hakuwa na silaha. Aliifunga milango, akawakusanya wajawazito 20 wa wadi yake katika chumba kidogo cha vyakula, akazima taa, akawanyamazisha. Wote walipona. Miaka 14 baadaye alilisimulia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa jinsi ilivyokuwa. Muuguzi mmoja, mlango mmoja, na akili iliyotulia.

Sasa nenda hospitali iliyo karibu nawe uutafute mlango huo. Mimi niliutafuta siku ile ile, shangazi akiwa maabara. Nilimwuliza muuguzi wa zamu: moto ukizuka hapa, au watu wabaya wakiingia, mnawapitisha wapi wagonjwa? Akanionyesha mlango wa dharura mwisho wa ukumbi. Ulikuwa na mnyororo na kufuli ya kutu. Ufunguo? Uko kwa msimamizi. Msimamizi yuko wapi? Ameenda mkutanoni. Na kwa nini umefungwa? Akashusha sauti: "Wagonjwa walikuwa wanatorokea hapo bila kulipa."

Rudia kuisoma sentensi hiyo, Mheshimiwa Waziri. Irudieni, magavana wenye hospitali na wakurugenzi wenye magari ya kuzuia mlango wa dharura. Mmefunga kwa mnyororo njia ya pekee ya wagonjwa kuokoka, kwa sababu ya bili. Kufuli hiyo haitatofautisha deni na bomu. Siku mwovu atakapoingia kwa lango la mbele, atakuta mmeshamfanyia nusu ya kazi yake.

Mnaotutawala mna dhambi nyingine pia, nayo ni kubwa kuliko kufuli. Ulinzi wa kwanza wa hospitali tangu zamani haukuwa tofali, ulikuwa haya. Mikataba ya Geneva iliiandika haya hiyo ikawa sheria, na tarehe 3 Mei 2016 Baraza la Usalama likaikumbusha dunia kwa azimio namba 2286. Lakini nani ataiheshimu ikiwa wakubwa wenyewe wanaikanyaga? Miezi saba kabla ya azimio hilo, ndege ya Marekani ilikuwa imeipiga hospitali ya Kunduz, Afghanistan, ikaua watu 42. Na tusikimbilie kuwanyooshea Wamarekani kidole, maana na sisi hatuna mikono misafi. Februari 2025 Nairobi iliwafungulia wanamgambo wa RSF wa Sudan ukumbi wa KICC, wakakaa kwenye viti vyetu, wakajiandalia mkataba wa serikali yao. Oktoba mwaka huo huo RSF waliuteka mji wa El Fasher, na Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba zaidi ya wagonjwa na jamaa zao 460 wameripotiwa kuuawa katika hospitali ya uzazi ya mji huo. Mia nne na sitini! Tulimkaribisha chai mwenye mikono ile. Serikali inayomtandikia mgeni wa namna hiyo zulia itasimama wapi kuwaambia ADF au Al-Shabaab kwamba wadi ya wazazi ni mahali patakatifu?

Basi haya ndiyo madai yangu, na hakuna hata moja linalohitaji mashine ya kutoka ng'ambo. Kateni minyororo kwenye milango ya dharura wiki hii. Si mwaka wa fedha ujao, wiki hii. Kila wadi itengewe chumba kimoja chenye mlango mzito unaofungika kwa ndani, na kila muuguzi ajue ufunguo uko wapi hata gizani. Fanyeni mazoezi, kama shule zinavyofanya ya moto, ili siku ikifika watu wasianze kuulizana. Pangeni mapema majeruhi wengi watapokelewa wapi na umati utazuiwa wapi, ili jamaa wanaolia wasirundikane mlangoni kama Quetta. Mlipeni bawabu mshahara unaofika mwisho wa mwezi, mfundisheni, mpeni redio inayoongea na kituo cha polisi. Na deni la mgonjwa lifuatwe kama madeni mengine yote yanavyofuatwa, kwa barua na kwa sheria, badala ya kumgeuza mlinzi wa uhai kuwa karani wa risiti.

Na heshimuni imani ya watu. Kijiji kinachoipenda zahanati yake huwa na macho mengi kuliko kamera zenu zote: mama mboga wa langoni, kijana wa bodaboda, kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Hao ndio humwona mgeni anayezunguka siku tatu mfululizo bila mgonjwa. Lakini nani atahangaika kuwapigia simu watu waliomzuilia dada yake na kichanga chake kwa ajili ya shilingi elfu kumi na mbili?

Siku ile, muhuri ulipopatikana na shangazi akaruhusiwa kupita, nilibaki nyuma kidogo. Nikamuuliza bawabu swali ambalo pengine hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza: akija mtu na bunduki, utafanya nini? Hakucheka safari hii. Alitazama kirungu chake, akatazama kiti. "Nitakimbia, mzee," akasema. "Mimi nimewekwa hapa kwa ajili ya risiti."

Simlaumu. Alikuwa mtu wa kwanza siku nzima kunieleza ukweli kuhusu usalama wa hospitali ile. Wa kulaumiwa ni waliomkalisha hivyo, na wanajua walimkalisha akitazama wapi. Waanzie hapo. Kukigeuza kiti cha plastiki hakuhitaji zabuni.